Barua ya Uhamisho Haitaji Mpira wa Vikapu

Januari ni mwezi wa hatari kwa timu ya vikapu ya shule ya sekondari. Mpira wa vikapu huchezwa katika michezo ya muhula wa kwanza, pamoja na magongo, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15, kwa hiyo shule zinapofunguliwa mashindano ya kaunti ndogo huwa yamebakiza wiki chache. Wiki hizo hizo ndizo walimu waliopewa uhamisho huripoti katika vituo vipya. Mzazi wa Kiganjo hapa Thika, ambaye bintiye amejifua mwaka mzima, anasikia kwamba mwalimu aliyekuwa akiwafunza amehama. Mahali pake ameletwa mwalimu mwingine, hodari darasani, ambaye hajawahi kushika mpira ule. Mzazi anadhani shule imezembea. Mara nyingi shule yenyewe haikuulizwa.

Kocha wa shule ya umma nchini Kenya kwa kawaida ni mwalimu kwanza. Mwajiri wake ni Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na tume ilimwajiri kwa masomo yake mawili: tuseme Kiswahili na Historia, au Hisabati na Fizikia. Akiomba kuhama, tume hutazama mambo kadhaa: kama kuna nafasi anakotaka kwenda, kama shule anayoiacha itapata wa kushika masomo yake, afya yake, usalama wake na hali ya jamaa zake. Wakati mwingine walimu wawili hubadilishana vituo, na sharti kubwa huwa masomo yao yalingane. Hesabu hiyo ni ya haki, kwa sababu hakuna mtoto anayepaswa kukosa mwalimu wa Hisabati kwa ajili ya kikombe. Lakini katika hesabu yote hiyo mpira wa vikapu hauna safu yake. Mwalimu wa Historia anakwenda, mwalimu wa Historia anakuja, daftari la tume linasoma sawasawa, na timu imebaki yatima.

Kuna njia nyingine ya kumpoteza kocha, nayo huniumiza zaidi kwa sababu huja na pongezi. Mwalimu anayejua kuongoza vijana uwanjani huonekana upesi. Anapandishwa cheo, na cheo cha naibu wa mwalimu mkuu mara nyingi humpeleka shule nyingine. Huko anakabidhiwa nidhamu, ratiba na mikutano ya wazazi. Saa kumi jioni, wakati timu inapasha misuli, yeye yuko ofisini. Shule aliyoiacha imempoteza, na ile aliyokwenda haikumpata kama kocha.

Sera nazo zina nguvu zake. Mwaka 2018 TSC ilianza kwa kishindo kuwapeleka walimu, hasa wakuu wa shule, mbali na kaunti zao za nyumbani. Vyama vya walimu vililalamika kwa miaka, wabunge wakaingilia kati, na mwaka 2023 maelfu ya walimu walirudishwa karibu na kwao. Waliolia na familia zilizotengana walikuwa na haki ya kulia. Hata hivyo, kila wimbi la namna hiyo, la kwenda na la kurudi, liliwabeba pia makocha, na hakuna aliyekaa kuhesabu ni timu ngapi zilivunjika njiani.

Shule nyingine huajiri kocha wa nje, ambaye hulipwa na bodi ya shule. Huyu hana barua ya TSC. Ana makubaliano, pengine ya mdomo tu. Fedha za serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa zimepangwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, na sehemu yake ndiyo inayotazamiwa kuendesha michezo. Zikichelewa, kocha wa nje ndiye wa kwanza kukosa mshahara. Akiitwa na shule ya kibinafsi inayolipa kila mwezi, ataenda, na wachezaji wake wawili watatu bora huenda wakamfuata kwa ahadi ya karo. Hapo ndipo maneno ya kuibiana wachezaji huanza. Mimi simlaumu anayefuata riziki. Kijana anayehamishwa kwa sababu ya mpira peke yake ndiye anayenitia wasiwasi, maana goti likiumia mwezi wa tatu, ile ahadi ya karo ilikuwa ya nani?

Ukishuka Ruiru, mambo yanabadilika. Chuo Kikuu cha Zetech kina timu ya wanawake, Zetech Sparks, inayocheza ligi kuu ya taifa dhidi ya vilabu kama Bandari na Equity. Huko kocha huajiriwa kwa ajili ya ukocha wenyewe. Madina Okot, msichana wa Mumias aliyeanzia kwenye voliboli, alipita hapo kabla ya kwenda Marekani. Mwaka 2024 alijiunga na Chuo Kikuu cha Mississippi State, na mwaka uliofuata akahamia kile cha South Carolina, kwa kocha Dawn Staley.

Huyo Staley naye ni kocha aliyehama. Alianza Chuo Kikuu cha Temple mwaka 2000, akaenda South Carolina mwaka 2008, na taji lake la kwanza la taifa likaja mwaka 2017. Miaka tisa! Nani angemvumilia kocha wa sekondari kwetu kwa muda huo? Kwa Wamarekani kocha ni bidhaa yenye bei iliyoandikwa: kocha John Calipari alipoondoka Chuo Kikuu cha Kentucky mwaka 2024 kwenda Arkansas baada ya misimu 15, mikataba, mawakili na mamilioni ya dola vilihusika, na kanuni za huko zimekuwa zikiwapa wachezaji nafasi maalumu ya kuhama kocha wao anapoondoka. Sitamani fedha zile ziingie shuleni kwetu. Ninachokitamani ni lile jambo la kukiri kwamba kuondoka kwa kocha ni tukio, na kwamba wachezaji wanadaiwa maelezo.

Kwani hasa huondoka na nini? Mbinu za ulinzi zinaweza kusomwa kitabuni. Kitu kigumu kurudisha ni ujuzi wa watu: kwamba huyu mrefu hukata tamaa akikaripiwa mbele ya wenzake, kwamba yule mwepesi huja mazoezini bila chakula cha mchana, kwamba mama wa mwingine anataka bintiye awe nyumbani kabla ya giza kuingia Kiganjo, na mazoezi lazima yaishe mapema. Hayo kocha mpya huyapata baada ya muhula mzima, na muhula mzima ndio msimu wenyewe.

Dawa tunayo, na haihitaji bajeti. Peter Foster, Mwingereza aliyekuwa akifunza riadha katika shule ya St Patrick's, Iten, alipoondoka, kazi iliangukia mikononi mwa Bruda Colm O'Connell, Mwairishi aliyefika mwaka 1976 kufundisha jiografia. O'Connell hakuwa mtaalamu wa mbio. Alikuwa ameanza kwa kumsaidia Foster uwanjani, basi, na akaendelea kujifunza hapo hapo hadi akamlea David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London mwaka 2012. Kila timu ya shule inastahili mtu wa pili wa namna hiyo: mwalimu kijana anayesimama kando ya kocha tangu mwaka wa kwanza, anayejua majina na maumivu ya wachezaji, na anayeshika ufunguo wa ghala la mipira.

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameanza kusoma chini ya mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika shule za upili zilizoidhinishwa. Pale michezo inapokuwa somo la mtihani, mwalimu wake atahesabiwa kama wa Fizikia anavyohesabiwa, na nafasi yake ikiwa wazi itatangazwa. Shule isiyo na mkondo huo, na ni nyingi, itabaki ilivyo, isipokuwa mwalimu mkuu aandike mwenyewe kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti kwamba anayeondoka alikuwa kocha, na kwamba anaomba mwalimu wa masomo yale yale anayeujua mchezo. Mzazi anaweza kumwuliza, kwenye mkutano wa muhula wa tatu, kama barua hiyo imeandikwa.