Kata, Using'oe

Hapa Chimala huna haja ya kumuuliza mtu kwao ni wapi. Tazama ua wake. Ukikuta migomba imezunguka nyumba na chini yake pamefagiliwa mpaka udongo umekuwa kama sakafu, mara nyingi mwenyewe katoka Rungwe. Ukikuta kichaka cha mianzi pembeni, ndani kuna mtu wa Iringa au Njombe anayeukumbuka ulanzi, ile pombe ya mwanzi ya kwao. Ukikuta mfereji mwembamba umepitishwa kati ya matuta ya mchicha, bamia na maboga, huenda umefika kwa Msangu, mtu aliyekulia kwenye maji ya mpunga. Kiswahili kimetupa neno moja, ua, kwa uwanja wa nyumba na kwa kile kinachochanua ndani yake. Naona wazee waliotuachia lugha hii walijua walichokuwa wakisema.

Mji wetu uko kilometa 78 mashariki ya jiji la Mbeya. Kaskazini limetandaa bonde la Usangu, kusini umesimama ukuta wa milima ya Kipengere. Barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam na reli ya TAZARA zimetuletea watu wa kila kabila, na wengi wao walipohama walifunga mbegu kwenye kona ya kanga. Ndiyo maana kutembeleana bustani kumekuwa desturi yetu. Sisi tunaopenda mimea tuko kama kumi, wengi ni akina mama, pamoja na walimu wastaafu wawili. Mpunga ukishavunwa na watu wakapumua, tunatoka pamoja nyumba kwa nyumba. Mvua zikikolea, tunapanda milimani.

Matembezi haya yana adabu yake. Hodi hupigwa mwanzoni mwa ua, si mlangoni, kwa sababu ziara yenyewe inaanzia pale. Mkubwa wa nyumba huamkiwa kwanza, hata kama mwenye bustani ni mkwewe kijana. Kisha mwenyeji anatangulia, wageni wanafuata njia anayoikanyaga yeye, na hakuna anayegusa jani kabla hajaonyeshwa. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo kila mmoja anakuja na kitu: mbegu za mnavu kwenye karatasi, mche kwenye kiriba, au kikapu cha samadi iliyoiva. Mwenyeji naye hatuachi tuondoke bila viazi vya kuchemsha au kikombe cha togwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na katika bustani maneno hayo ni ya kweli kabisa. Nimeona mti wa limau ulioshambuliwa na vidukari ukipona kwa sababu mgeni mmoja aliyafunua majani yake, akamwambia mwenyeji achanganye majivu na maji ya sabuni.

Lakini kiini cha ziara ni kisu. Kuna mama mmoja wa makamo, ambaye waridi lake jekundu limeshaingia karibu kila ua wa mtaa wetu. Mara ya kwanza nilipofika kwake nilimwambia, "Mama, waridi lako hili nimelipenda."

"Umelipenda, mwanangu? Ngoja."

Akaingia ndani, akarudi na kisu kidogo cha jikoni. Hakukata tawi la kwanza. Alipapasa, akaacha lililo laini, akaacha lililokomaa mno, akachagua lenye unene wa kidole cha mwisho. Akakata kwa kukingamisha, chini kidogo ya jicho, akapukutisha majani akabakiza mawili. Akachota udongo mbichi, akaufinyanga kwenye mguu wa kile kipande, akafunga kwa ganda la mgomba na kukaza kwa kamba ya mgomba. "Kata, using'oe," aliniambia, na tangu siku hiyo nimemsikia akimwambia kila mgeni vivyo hivyo. "Ukikata, tunakuwa nalo wawili. Ukiling'oa, mmoja wetu amekosa."

Kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, uzuri wa ua haukuanza jana. Mwaka 1879 msafiri wa Uskoti, Joseph Thomson, alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa akastaajabu: migomba iliyojaa mikungu, ardhi isiyo na gugu wala taka, nyumba za mviringo zenye kuta zilizopambwa kwa madoa. Leo ukienda Tukuyu utakuta kufagia chini ya migomba bado ni kazi ya alfajiri. Ukiomba chipukizi la mgomba, mwenyeji atachagua lenye majani membamba kama upanga, atalitenga na mama yake kwa uangalifu, na ule mgomba mama utabaki umesimama. Ukisema "ndaga fijo", umeshukuru kwa lugha ya pale.

Iringa na Njombe nako kuna somo lilelile, ila limeandikwa kwenye mwanzi. Msimu wa mvua mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, akafunga mbeta, chombo cha kukingia ulanzi, chini ya mkato, na asubuhi na jioni hurudi kukata kidogo tena ili utomvu uendelee kutiririka. Mwanzi mchanga hujitoa mwaka huo, lakini shina la kichaka haliguswi, na mwakani litachipua tena. Bondeni kuna vinyungu, yaani matuta mapana yanayolimwa kiangazi kwenye unyevu, majani yakifukiwa ndani yaoze yawe mbolea. Kiangazi kikikolea na mlima ukikauka, watu wa huko hutembelea vinyungu vya wenzao kuona mahindi mabichi, maharage na mboga. Siku hizi matembezi hayo yana mazungumzo mazito, kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Mkulima anajua kwamba asipolinda chemchemi, kinyungu chake hakitakuwapo, lakini pia anajua watoto watakula nini mwezi wa kumi. Tukiwa na wenyeji wetu tunayasema yote mawili.

Ziara kubwa ya mwaka ni ile ya kupanda Hamsini na Saba. Ndilo jina la barabara inayoanzia hapa Chimala kwenda Matamba, na limetokana na idadi ya kona zake. Chini tunaanza na jasho. Kona ya ishirini hivi, mashamba ya mpunga yanaonekana kama vigae vya maji vilivyopangwa. Tukifika Matamba kila mtu ameshavaa sweta. Huko kuna viazi mviringo na pareto, ua jeupe lenye moyo wa manjano, linalochumwa, kukaushwa na kuuzwa kwa kilo ili litengenezwe dawa ya kuua wadudu. Nyumba nyingi za huko zimelipa ada za shule kwa maua hayo.

Juu zaidi ndipo ilipo Kitulo. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ni uwanda wa nyasi ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600, na tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Ina aina zipatazo 350 za mimea, kati yake aina 45 za okidi za ardhini. Kuanzia Desemba hadi Aprili ardhi yote inachanua: mashada mekundu na manjano yaliyosimama kama mienge, maua meupe, ya zambarau, ya waridi, na okidi iitwayo Disa ukingensis, ambayo jina lake la kisayansi limebeba nchi ya Wakinga. Mara ya kwanza kuliona lile zulia, tulinyamaza sote kumi, hata wale ambao garini hawakunyamaza tangu Chimala.

Nina jambo la kukiri. Miaka mingi iliyopita, kabla sijajua, niling'oa okidi moja ndogo pembezoni mwa uwanda ule. Niliifunga kwenye ganda la mgomba kama nilivyofundishwa kufunga waridi, nikaipanda nyumbani kivulini karibu na mtungi wa maji. Nikaimwagilia kwa mapenzi. Haikumaliza wiki mbili.

Baadaye nilielewa. Okidi ya ardhini kwa kawaida huwa na viazi viwili: cha zamani, ambacho mmea umekwisha kukinyonya, na kipya, chenye uhai wa mwaka unaokuja. Mbegu zake ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na haziwezi kuota bila kuvu maalumu wa udongoni. Huwezi kuikata ukaipa nyumba ya pili kama waridi. Ukiichukua, umeimaliza. Na viazi hivyo ndivyo vinavyotafutwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia: husagwa, vikachanganywa na unga wa karanga, vikapikwa mpaka vigande na kukatwa vipande. Okidi za Zambia zilipopungua, wafanyabiashara waligeukia milima yetu, na mamilioni ya viazi yamevuka mpaka. Biashara hiyo ni moja ya sababu zilizofanya Kitulo ilindwe. Sisemi haya kumlaumu mama wa kijijini aliyechimba gunia moja apate chumvi na sabuni. Nasema kwa sababu mkono wangu pia umechimba, na mimi sikuwa na njaa.

Shida ya Bustani ya Mungu ni kwamba hakuna wa kumpigia hodi. Hakuna mama anayetoka na kisu kukuchagulia tawi. Ndiyo maana sisi wageni inatupasa tuijue adabu kabla hatujafika, na tuwafundishe watoto wetu kwenye nyua zetu, kwa waridi na migomba, ili wakifika juu wajue tofauti ya kile kinachogawanyika na kile kisichogawanyika.

Mwaka jana kijana mmoja mgeni katika kikundi chetu alichutama pembeni mwa njia, vidole tayari vimeingia kwenye udongo. Mama yetu wa waridi hakupaza sauti. Alichutama naye. "Mwanangu, hili halina tawi," alisema. Kijana akautazama mmea, akautoa mkono, akarudishia udongo na kuushindilia taratibu kwa kiganja. Tulimsubiri mpaka alipomaliza. Kisha tukashuka kona zote hamsini na saba, tukiwa na vipandikizi vya waridi, gunia la viazi vya Matamba, na kutoka Kitulo hatukuwa na kitu mkononi zaidi ya udongo uliobaki kwenye kucha za yule kijana.