Sumukuvu na Hesabu ya Umri Mzima

Mtu anapougua ghafla, ndugu huuliza: alikula nini jana? Kwa maradhi ya kuhara, swali hilo huweza kutosha. Kwa saratani ya ini halitoshi, kwa kuwa chanzo chake huenda kilianza kuingia mwilini miaka mingi iliyopita, kidogo kidogo, kupitia sahani ya kila siku. Katika makala haya tunaeleza namna wataalamu wanavyoifuatilia hesabu hiyo ndefu, na kwa nini inamhusu mlaji anayenunua debe la mahindi leo.

Mwaka 2005 mtafiti Christopher Wild alipendekeza neno jipya: eksposomu. Maana yake ni jumla ya yote yanayomfikia binadamu kutoka katika mazingira tangu mimba inapotungwa, yaani chakula, maji, moshi, kemikali, maambukizi, kazi na makazi. Hoja yake ilikuwa kwamba sayansi imepiga hatua kubwa katika kuvisoma vinasaba, ilhali upande wa mazingira bado haupimwi kwa usahihi huo. Wild mwenyewe alikuwa amefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu sumukuvu katika Afrika Magharibi, na sumu hiyo ndiyo mfano ulio karibu zaidi na jiko letu.

Sumukuvu hutokana na fangasi wanaoota kwenye mahindi, karanga na mazao mengine yasiyokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Ikiingia mwilini kwa wingi huua kwa muda mfupi, kama ilivyotokea mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ikiingia kwa uchache, haimuumizi mtu siku hiyo. Humdhuru kwa kurudiwa miaka mingi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kumuuliza mtu amekula sumukuvu kiasi gani hakusaidii, kwani haina ladha wala harufu ya kuitambulisha. Hata hivyo, damu huweka kumbukumbu. Sumu ikishapita kwenye ini, sehemu yake hushikamana na albumini, ambayo ni protini ya damu, na kipimo cha damu huweza kuonyesha kilicholiwa katika kipindi cha miezi miwili au mitatu iliyopita. Kwa kipimo hicho watafiti waliwafuatilia watoto 166 wa Tabora, Iringa na Kilimanjaro, waliokuwa na umri wa miezi 6 hadi 14 utafiti ulipoanza. Mwaka mmoja baadaye, karibu wote walikuwa na alama ya sumukuvu katika damu, na kiasi chake kilikuwa kimepanda. Huo ndio umri ambao mtoto hupunguza kunyonya na kuzoea uji.

Tena, mambo haya hayaji moja moja. Uchunguzi uliofanyika Shanghai, China, miongoni mwa wanaume 18,244, ulionyesha kwamba walioathiriwa na sumukuvu pekee walikuwa na hatari ya saratani ya ini iliyozidi ya wengine takriban mara 3, na wenye virusi vya homa ya ini aina ya B pekee takriban mara 7. Waliokuwa na vyote viwili, hatari yao ilifikia takriban mara 59. Kwa hiyo kupunguza kimoja kati ya viwili hivyo ni kinga kubwa.

Tunatambua kwamba kutupa chakula ni jambo zito kwa kaya yenye debe moja tu. Kwa sababu hiyo tunamshauri mlaji aanze kujikinga kabla ya kununua:

1. Nunua mahindi na karanga zilizokauka vizuri, zisizo na ukungu, zisizopasuka wala kutobolewa na wadudu. Kwa unga uliofungashwa, tazama alama ya ubora ya TBS.

2. Kausha mazao juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu. Yahifadhi pakavu, magunia yakiwa juu ya chaga na mbali na ukuta.

3. Chambua kabla ya kusaga, na koboa mahindi inapowezekana. Kuchambua hupunguza sumu bila kuiondoa yote, kwani punje inayoonekana safi nayo huweza kuwa nayo.

4. Usitegemee moto. Kuchemsha na kupika kwa kawaida hakuiharibu sumukuvu.

5. Usiwape mifugo punje mbovu, kwa sababu sumu hupita hadi kwenye maziwa, wala usizitumie kutengeneza pombe.

6. Uji wa mtoto usiwe wa mahindi na karanga kila siku. Badilisha nafaka na vyakula vingine. Mama asiache kunyonyesha.

7. Hakikisha mtoto anakamilisha chanjo zake, ikiwemo ya homa ya ini aina ya B.

Hakuna awezaye kuyafuta yaliyokwisha kuingia mwilini kwa miaka iliyopita. Lakini hesabu ya mtoto ndiyo kwanza inaanza, na sehemu yake kubwa huandikwa nyumbani, pale mahindi yanapochambuliwa kabla ya kupelekwa mashineni.