Jiwe la mchezo: jinsi michezo rahisi inavyofungua akili ya mtoto mdogo

Hapa Dilala, katika mji wetu wa Kolwezi, jiwe lina maana nyingi. Kwa kampuni ni shaba na kobalti. Kwa baba anayechimba kwa mikono ni bukari ya jioni. Kwa mtoto wa miaka minne jiwe laweza kuwa lori, mkate au ng'ombe. Leo tunataka kuongea na wazazi na walimu wa watoto juu ya jiwe hilo la mtoto, maana ni rahisi kulidharau.

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba mchezo ni uvivu. Mtoto akikaa chini kupanga mikebe, anatumwa maji. Kazi ndogo za nyumbani zinamfundisha mtoto, hatuzikatai. Lakini tufahamu pia kinachotendeka akilini mwake anapocheza.

Mtoto anaposukuma mkebe wa sardini na kusema ni lori, anajua vizuri kwamba ni mkebe. Hata hivyo anautendea kama lori: anaupakia, anaupandisha mlima, anauegesha. Mtaalamu wa Urusi Lev Vygotsky (1896–1934) alieleza jambo hilo kwa mfano wa fimbo inayogeuka farasi. Kitu kimoja kinasimama mahali pa kingine. Ndivyo ilivyo pia katika darasa la kwanza: alama 5 inasimama mahali pa vitu vitano, na herufi inasimama mahali pa sauti. Mtoto aliyecheza sana amekwisha kuizoea njia hiyo.

Hata kanisani jambo hili si geni. Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri huko Ujerumani, alifungua nyumba ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg mwaka 1837, akaja kuiita bustani ya watoto. Vifaa vyake vya kwanza vilikuwa mpira na vipande vya mbao.

Kwetu, watoto wengi hufika darasa la kwanza bila kupitia shule ya watoto wadogo. Miaka ile ya kwanza imo mikononi mwa familia na kanisa. Kwa hiyo tunapendekeza michezo minne isiyohitaji franka hata moja.

Wa kwanza ni kuiga. Mpe mtoto mkebe usio na makali, kijiti na kikwembe cha zamani. Atapika, atauza sokoni, atahubiri. Usimwambie la kufanya. Uwe mnunuzi wake, umuulize bei. Hapo anatafuta maneno, anapanga mambo, na kujaribu kufikiri kama mtu mwingine.

Wa pili ni kitu kilichopotea. Weka vitu vitano juu ya mkeka, mtoto avitazame, kisha uvifunike kwa kikwembe na kuondoa kimoja kwa siri. Funua, muulize kipi hakipo. Akizoea, ongeza hadi saba au nane. Mchezo huu unazoeza macho na kumbukumbu.

Wa tatu ni mawe ya kurusha, ambao majirani wetu wa Tanzania wanauita mdako. Mawe kumi yako ndani ya kishimo. Mchezaji anarusha moja juu, anatoa mengine, kisha analidaka lile kabla halijaanguka. Mtoto wa miaka mitano aanze bila kurusha. Atoe mawe matatu, aseme mangapi yamebaki. Hivyo anajifunza kutoa kabla ya kuona alama ya kutoa.

Wa nne ni kisolo, mchezo wa wazee wa Kiluba, ndugu wa bao la Tanzania na omweso wa Uganda. Kwa mdogo, vishimo sita katika mstari mmoja vinatosha, kila kimoja na maharagi mawili. Achukue maharagi ya kishimo kimoja, ayagawe moja moja katika vinavyofuata. Kabla hajaanza, muulize: la mwisho litaangukia wapi? Swali hilo linamfundisha kutazama mbele kabla ya kutenda.

Kuna onyo moja kwa sisi tunaokaa karibu na machimbo. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi wao wa mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa wakaaji, hasa watoto. Kwa hiyo tusichezeshe watoto kwa mawe wala udongo uliotoka machimboni. Tutumie maharagi, mbegu au vifuniko vya chupa vilivyooshwa, tutandike mkeka, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. Walio chini ya miaka mitatu wasipewe vitu vidogo, maana wanaweza kuvimeza na kukabwa.

Wote tunajua kwamba wapo watoto wanaookota, kuosha na kubeba mawe ya kuuza. Tunajua pia kwamba njaa ndiyo inayowasukuma. Lakini mtoto anayechambua mawe ya mnunuzi anafuata amri ya mtu mwingine kutwa nzima. Mtoto anayechambua maharagi ya mchezo anaweka sheria, anaibadilisha, anajaribu tena. Nchi yetu ilikubali mwaka 1990 Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinataja haki ya kupumzika na kucheza.

Nalo Neno halinyamazi. Nabii Zekaria, katika sura ya 8, anapoonyesha Yerusalemu iliyopata amani, anaweka humo wavulana na wasichana wanaocheza njiani. Bwana Yesu mwenyewe alichukua mfano kutoka michezo ya watoto sokoni, kama tunavyosoma katika Luka 7.

Basi tunaomba kila parokia itenge nusu saa ya michezo katika masomo ya watoto siku ya Mungu, na kila nyumba itafute robo saa jioni kabla ya chakula. Baba na mama wakae chini pamoja na mtoto. Mkeka mmoja na maharagi kumi na mawili yanatosha kuanza leo.