Je, Wajua? Kufuli Tatu, Sanduku Moja

Je, wajua kwamba sanduku la VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, huwa na kufuli tatu, na funguo zake hulala nyumba tatu mbalimbali? Anayetunza sanduku hana ufunguo, na mwenye ufunguo hana sanduku. Ukitaka kuiba, itisha kikao kwanza.

Mfumo wenyewe haukuzaliwa pwani ya Tanzania. Mbegu yake ilipandwa Niger mwaka 1991, kwa wanawake waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE. Katika ukanda wa Rufiji, Mafia na Kilwa ulisambazwa na WWF kupitia mpango wa RUMAKI, kwa hesabu nyepesi: mvuvi akipata mkopo wa kufuga kuku au kufungua genge, bahari nayo itapumua.

Je, wajua kwa nini wanachama hugawanywa watano watano? Ili wadhaminiane. Usiporejesha mkopo, anayebisha hodi si dalali wa mahakama, ni jirani yako, naye anaijua saa yako ya kula.

Mfuko wa jamii hukaa mbali na fedha za hisa. Huo ni wa msiba na maradhi. Faini nazo zina kazi yake: umechelewa, lipa, simu imeita kikaoni, lipa.

Je, wajua kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi hivi vinatambulika kisheria, daraja la nne? Tena halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata.

Je, wajua kwamba upatu, kabla haujawa jina la michango ya kupokezana, ni sahani ya shaba inayopigwa ngomani?

Na ngoma yenyewe iliwahi kuwa chama cha kusaidiana. Ngoma ya beni ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikasambaa katika miji ya Tanganyika kwa miguu ya askari na wapagazi, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia majina ya vyama vya Marini na Arinoti yakawa gumzo. Kulikuwa na vyeo: Kingi, Jenerali, hata Daktari. Wakoloni waliona gwaride na kofia, wakaingiwa na wasiwasi. Wanachama walijua zaidi: chama kilimuuguza mgonjwa, kikamzika marehemu, kikampokea mwenzao aliyeingia mji asikokuwa na ndugu.

Je, wajua kwamba klarineti inayolia kwenye kumbi za Ulaya huenda ilikuwa mti wa Kilwa? Ni mpingo. Kwa miaka mingi magogo yaliondoka na kijiji kikabaki na visiki. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kubaki na mapato ya mauzo. Mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na shirika la MCDI la Kilwa Masoko, viliingia katika cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Kamati ya maliasili hupiga doria. Mkutano mkuu wa kijiji huamua fedha ziende wapi. Nasikia mikutano hiyo huwa mirefu kuliko doria, na sishangai.

Je, wajua kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014? Miongoni mwa mikono iliyokandika chokaa ukutani wakati wa ukarabati ilikuwamo ya wakazi wa visiwani humo.

Na mpingo, ukilitupa gogo lake baharini, hulioni tena. Huzama.