Fahamu: Kurudi kukimbia baada ya upasuaji wa nyonga

Umefanyiwa upasuaji gani?
Kila kitu kinaanzia hapa. Daktari anaweza kupitisha kamera kwenye matundu madogo na kushona gegedu lililochanika. Anaweza kuvika kofia ya chuma kichwa cha mfupa wa paja. Au akakikata na kuweka kiungo bandia.

Mfano wa Murray
Mcheza tenisi wa Uingereza, Andy Murray, alivikwa kofia ya chuma Januari 2019. Oktoba mwaka huohuo akatwaa ubingwa Antwerp. Ila usijipime naye: yeye kazi yake ilikuwa kupona.

Lini mbio zinaanza?
Aliyeshonwa gegedu mara nyingi huanza kukimbia taratibu mwezi wa tatu au wa nne, akiruhusiwa. Kwa kiungo bandia madaktari wanatofautiana. Wengi bado hupendekeza kutembea, baiskeli na kuogelea, wakihofia kiungo kusagika au kulegea.

Kalenda pekee haitoshi. Simama kwa mguu uliopasuliwa mbele ya kioo, ukunje goti kidogo. Nyonga ya upande wa pili ikishuka, misuli ya matako bado ni dhaifu, na mbio zingoje. Ukifaulu, kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara chache, kesho yake pumzika.

Wakati wa kusimama
Uchovu wa misuli ni kawaida. Maumivu ya kinena yanayoamka nawe asubuhi, au kuchechemea, ni sababu ya kumrudia mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuvaa raba tena.