Mvula inafunga shimo, nyanya inapanda bei

Mvula ya mwezi wa 9 ikifika, sisi watu wa shimo tunajua yenye itafuata. Kule Rubaya mlima wa koltani unalowa, udongo unateremuka, na mwenye akili anatoka ndani mbele umfunike, sawa vile umefunika wengi tayari. Kazi inasimama siku tatu, wiki, saa ingine mwezi. Huku Goma, bibi na watoto wanangoja pesa yenye haitoke.

Mvula ile ile njo inapandisha bei ya nyanya. Angalieni soko ya Virunga ao Kituku: mwezi wa 7 nyanya zinaoza juu ya meza, mwezi wa 11 mama anahesabu tatu ndogo na kuziita fungu. Wakati sisi hatuna kitu mfukoni, mwenye kuwa na nyanya ni tajiri. Sendika yetu imeanza kuongea na familia juu ya jambo hili.

Nyanya inaogopa majani yenye kulowa. Mildiu, ugonjwa ule ule wenye kuunguza viazi kule Masisi na Kibumba, unataka tu maji yakae juu ya jani saa kadhaa, pamoja na baridi kidogo. Goma iko karibu mita 1.500 juu ya bahari, baridi ya usiku tunayo. Tena tone la mvula likipiga chini linarusha matope kwenye majani, na magonjwa ingine yanapanda nayo. Kwetu tunaongeza moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira: unachanganyika na mvula, maji yanakuwa na asidi, majani yanatoka madoa ya kuungua. Watu wa Rusayo hawahitaji kufundishwa hilo.

Dawa ni paa. Hatusemi ile nyumba kubwa ya plastiki, ya miguu ya chuma, yenye watu wanapenda kupigia picha. Tunasema miti sita, kamba, na plastiki yenye kuona mwangaza. Kitanda cha mita 6 kinabeba miche 24 kwa mistari mbili. Katikati paa ifike mita 2 na nusu, ipite kitanda kila upande, na pande zote nne zibaki wazi, ju ukifunga, joto na unyevu vinabaki ndani na mildiu inarudi. Huko Taiwan, World Vegetable Center, yenye iko na tawi Arusha, imefundisha wakulima paa za namna hii kwa nyanya za wakati wa mvula. Maji unamwanga chini kwenye shina, hapana juu ya majani.

Bashi nene ya kujengea manyumba haifai. Mwangaza haipiti vizuri, mche unarefuka kutafuta jua na hauzai. Plastiki nyembamba ya kawaida nayo, jua inaipasua kwa miezi michache. Ile ya shamba, yenye kutengenezwa kuvumilia jua, inaweza kufika miaka tatu kama imefungwa vizuri na upepo wa ziwa haiicheze.

Mwenye kukaa juu ya mawe ya 2002 atasema hana udongo. Ajaze mifuko, udongo na mbolea ya ng'ombe yenye imeoza, aiweke chini ya paa. Tena mifuko iko na faida ingine. Kenya wakulima wengi walijenga nyumba za plastiki, wakapanda nyanya kila msimu mahali pamoja, mpaka ugonjwa wa kunyausha ukajaa ndani ya udongo. Paa haizuie ule. Mche ukinyauka ungali kijani, unatoa mfuko wake peke yake, unautupa mbali. Na maji ya paa yaingie ndani ya pipa: ni bidoni ngapi watoto wanabeba kutoka ziwani?

Shida ni plastiki yenyewe, ju wanaiuza kwa rola nzima na mchimbaji mmoja haiwezi. Njo maana tunaomba koperative zinunue rola, zikate, familia zilipe polepole kisha mavuno. Lakini tuseme wazi: asitokee bosi wa kutuambia sasa muko na nyanya, bei ya kilo ya koltani inaweza kushuka. Nyanya ni ya kula wakati shimo imefungwa. Malipo ya jasho letu ni mazungumzo ingine, na hatutayaacha.

Kwa mwenye kutaka kuvuna mwezi wa 11: mbegu iwe kwenye kitalu katikati ya mwezi wa 7, miche ihamie chini ya paa katikati ya mwezi wa 8, mvula ikute miti imesimama. Mashauri ya kugawana rola, muone wajumbe wa sendika kwenye shimo yenu.