Zege na Kasi ya Mzigo

Zege ni jabali likibanwa, lakini likivutwa ni dhaifu. Zege linalostahimili kubanwa kwa nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, likivutwa hupasuka kwenye mbili au mbili na nusu hivi. Ndiyo maana mafundi huweka nondo. Lisilosemwa sana kwenye ujenzi wetu, kuanzia Iringa hadi Mbeya, ni kwamba hata nguvu hiyo ndogo haina kipimo kimoja. Hutegemea mzigo umekuja kwa kasi gani.

Ndani ya zege mna nyufa ndogo mno, nyingi zikiwa pale saruji inaposhikana na kokoto. Mzigo ukipanda taratibu, ufa hupata wasaa wa kufuata njia nyepesi, ukizizunguka kokoto moja baada ya nyingine. Mzigo ukija ghafla, nyufa nyingi hufunguka kwa pamoja, na nyingine hulazimika kuzipasua kokoto zenyewe. Kazi hiyo ni ngumu zaidi. Maji yaliyomo katika vitundu vya zege nayo huzuia kuta zake zisiachane haraka, kama tope linavyong'ang'ania kiatu kinachovutwa kwa nguvu. Kwa hiyo zege lenye unyevu hufaidika zaidi kuliko lililokauka kabisa. Katika mlipuko, nguvu hiyo yaweza kupita mara mbili ya ile ya maabara.

Mataruma ya zege ya TAZARA hupigwa na gurudumu kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Sakafu ya ghala la mahindi isiyo na nondo ina taabu tofauti: magunia hukaa juu yake miezi mingi, na zege linalovutwa mfululizo namna hiyo laweza kupasuka kwenye asilimia 60 au 70 ya nguvu yake ya kawaida. Fundi aliyepiga hesabu ya siku moja ataona nyufa msimu ujao.

Wala mtu wa Mbeya asiseme basi tetemeko si neno. Lile la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa takriban 7.4. Tetemeko huja na nguvu kubwa, tena hurudiarudia huku na huku. Nyongeza kidogo ya kasi hailipi deni hilo.

Penye hatari ya kila siku ni maabara. Mcheduara wa zege hulazwa ubavu, ukabanwa mpaka upasuke katikati. Kanuni za Ulaya zinataka mkazo upande kwa nyutoni 0.04 hadi 0.06 kwa milimita ya mraba kila sekunde; zege letu la mfano lingechukua kama dakika moja. Mwenye haraka akilipasua kwa sekunde tatu, tarakimu hupanda kwa asilimia kadhaa, na zege lililokuwa linaanguka mtihani kwa kidogo likafaulu. Mwenye jengo adai kasi hiyo iandikwe kwenye cheti, kando ya tarehe na umri wa zege.